Propela ya Gari la 4x4: Kinachochakaa ni Nini Hasa, na Kibadilishwe Lini

Ukimwambia fundi kwamba shafti ya gari lako inagonga, anaweza kufikiria vitu vitatu tofauti, na kila kimoja kina kazi yake, bei yake na namna yake ya kufa. Ndiyo maana mtu huagiza kifaa Kariakoo, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, kikasafirishwa kwa basi usiku kucha hadi Arusha au Isiolo, na boksi likifunguliwa ikaonekana kwamba kilichonunuliwa si kile kilichokufa. Mkanganyiko huu haumpati mgeni wa magari peke yake. Hata madereva wenye miaka mingi barabarani hutumia neno moja kwa vitu vyote vitatu, na mafundi waliojifunza kazi kwa Kifaransa, huko Bujumbura au Lubumbashi, wana neno lao "kadani" ambalo nalo hubeba maana zaidi ya moja.

Tuvitenganishe kwanza. Propela ni bomba la chuma lililolala chini ya sakafu ya gari, linalopeleka nguvu kutoka kwenye transfa, yaani lile boksi la gia lililo nyuma ya giaboksi, hadi kwenye difu, lile boga la chuma lililo katikati ya ekseli. Gari la 4x4 la kawaida lina propela mbili: moja inakwenda difu ya nyuma, nyingine difu ya mbele. Shafti ya ekseli ni kitu kingine: ni fimbo nzito iliyofichwa ndani ya ekseli, inayotoka kwenye difu hadi kwenye gurudumu, na huwezi kuiona bila kufungua. Cha tatu ni zile shafti fupi zenye mipira iliyokunjana kama kinanda cha mkono, zinazoonekana nyuma ya magurudumu ya mbele katika magari ambayo kila gurudumu hupanda na kushuka peke yake. Hizo zina sivii jointi, yaani viungo vinavyopinda huku vikizunguka. Makala hii inahusu propela peke yake, kwa sababu ndiyo inayozungumziwa sana na ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi.

Ingekuwa ekseli imefungwa palepale, propela ingekuwa bomba tupu na habari yake ingekwisha. Lakini ekseli hupanda gurudumu likikanyaga jiwe na hushuka likiingia shimoni, ilhali transfa imeshikwa kwenye chesisi na haiendi popote. Propela inayoviunganisha hivyo viwili inalazimika kufanya mambo matatu kwa wakati mmoja: kuzunguka, kupinda kwenye ncha zake, na kurefuka au kufupika. Kurefuka na kufupika hufanywa na kiungo cha kuteleza, ambapo kipande kimoja chenye meno marefu huingia ndani ya kingine, kama antena ya redio inavyovutwa na kurudishwa. Kupinda hufanywa na spaida.

Spaida, ambayo wengine huiita krosi, ni kipande cha chuma chenye umbo la msalaba. Ncha zake mbili hushikwa na panda ya upande wa transfa au difu, na ncha mbili zilizobaki hushikwa na panda ya bomba lenyewe. Nasema panda kwa maana ileile ya panda ya manati: tawi moja linalogawanyika mara mbili. Kila ncha ya msalaba imevikwa kikombe kidogo, na ndani ya kikombe zimepangwa sindano nyembamba za chuma zinazobingirika ili ncha igeuke bila kusuguana. Wazo lenyewe ni la zamani. Linahusishwa na Mwitalia Gerolamo Cardano wa karne ya 16, na ndilo lililozaa jina "kadani". Mwingereza Robert Hooke alilieleza kwa undani katika karne ya 17, na mwaka 1903 Mmarekani Clarence Spicer akapata hataza ya spaida iliyofaa kwa magari.

Kinachochakaa, kwa sehemu kubwa, si bomba. Ni spaida, na baada yake ni meno ya kiungo cha kuteleza. Mtu anayeambiwa "propela imekufa" anapaswa kuuliza mara moja ni sehemu gani ya propela, kwa sababu tofauti ya gharama kati ya spaida moja na propela nzima ni kubwa mno.

Hapa pana jambo ambalo halizungumzwi sana gereji, nalo ndilo chanzo cha malalamiko mengi. Spaida moja inayofanya kazi ikiwa imepinda haizunguki kwa mwendo ulio sawa. Upande unaoingia ukizunguka sawasawa, upande unaotoka huenda haraka kidogo, kisha polepole kidogo, mara mbili katika kila mzunguko. Ni mtu anayechechemea: atafika muda uleule na mwenzake, lakini hatua zake hazilingani. Spaida ikiwa imepinda kwa nyuzi 10, tofauti hiyo ni kama asilimia 1.5 juu na chini, na huwezi kuihisi. Ikipinda kwa nyuzi 30, upande wa pili hushuka hadi asilimia 13 chini ya mwendo wa kwanza na kupanda hadi asilimia 15 juu yake, na hapo chuma chote kilicho mbele na nyuma hupigwa kila sekunde.

Dawa yake ni spaida ya pili. Zikiwekwa mbili, moja kila mwisho, na pembe zake zikalingana, na panda mbili za bomba zikaelekea upande mmoja, kuchechemea kwa ya kwanza hufutwa na kuchechemea kwa ya pili, na difu hupokea mwendo ulionyooka. Panda hizo zikikosea mpangilio, badala ya kufutana, makosa mawili hujumlishwa. Niliwahi kupanda gari kutoka Karatu lililokuwa limetoka gereji siku mbili kabla, likiwa na spaida mpya nne, na kuanzia kilomita 60 kwa saa sakafu ilivuma kiasi kwamba mazungumzo yalikatika. Spaida zote zilikuwa nzima. Propela ilikuwa imechomolewa katikati, kwenye kiungo cha kuteleza, ikasafishwa vizuri, ikarudishwa ikiwa imegeuzwa robo mzunguko. Aliyeifungua hakuweka alama. Ilichukua muda wa kunywa chai kuirekebisha, baada ya mwenye gari kuwa tayari amenunua tairi mbili akidhani zilikuwa na kosa.

Kosa la kudhani tairi linaeleweka, na kuna hesabu rahisi inayoweza kulizuia. Tairi lenye kimo cha sentimita 80 husafiri kama mita 2.5 kwa kila mzunguko, kwa hiyo gari likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa tairi huzunguka karibu mara 530 kwa dakika, yaani mara 9 hivi kwa sekunde. Difu yenye uwiano wa 4.1, ambao ni wa kawaida katika Land Cruiser za dizeli za mfululizo wa 70, hulazimisha propela izunguke mara 4.1 tairi linapozunguka mara moja. Propela basi hukaribia mizunguko 2,200 kwa dakika, au 36 kwa sekunde. Mtetemo wa tairi ni wa taratibu, unaweza karibu kuuhesabu, na tairi likiwa la mbele usukani hucheza mkononi. Mtetemo wa propela ni wa haraka zaidi, unafanana na mvumo, na huupata kwenye kiti, kwenye sakafu na kwenye kijiti cha gia. Mtu akijifunza kutofautisha hayo mawili, atakuwa ameokoa fedha nyingi.

Spaida haifi bila kutoa taarifa. Dalili ya kwanza, ambayo wengi huidharau kwa sababu ni ndogo, ni mlio mwembamba kama wa kifaranga unaosikika gari likitembea polepole kando ya ukuta, na unaoongeza kasi gari linapoongeza kasi. Huo ni mlio wa sindano zilizokosa grisi. Ukiingia chini ya gari wakati huo utaona unga mwekundu wa kutu ukizunguka kikombe kimoja au viwili. Dalili ya pili ni mlio mmoja wa chuma kugonga chuma, "ko!", unapoingiza gia na kuachia klachi, au unapoondoa mguu kwenye mafuta na kuurudisha. Dalili ya tatu ni mvumo nilioueleza. Anayefika kwenye dalili ya tatu ameshapitia mbili za kwanza akiwa amefunga madirisha na kuwasha redio.

Lakini si kila "ko!" ni spaida, na hapa pana imani potofu ya kwanza. Meno makavu ya kiungo cha kuteleza hutoa mlio unaofanana sana na huo, hasa gari linaposimama au kuondoka, na tiba yake ni grisi. Difu nayo ina mlegeo mdogo wa kawaida kati ya meno yake. Namna ya kujua ni kuegesha gari mahali pa tambarare, kuweka vizuizi mbele na nyuma ya tairi, kuweka gia huru, kisha kushika propela kwa mkono mmoja na panda ya upande wa pili kwa mkono mwingine na kuzizungusha kwa kupingana. Ukiona mwendo wowote kati ya panda na msalaba, hata ule wa unene wa unywele, spaida hiyo imekwisha. Zikizunguka zote pamoja kidogo na kusimama, mlegeo uko ndani ya difu au transfa. Kisha shika kiungo cha kuteleza ukijaribu kukitikisa juu na chini. Kikicheza, meno yamelika.

Imani ya pili ni kwamba spaida iliyonyamaza baada ya kupigwa grisi imepona. Grisi hujaza nafasi na kuficha sauti, lakini haimrudishii mtu chuma kilicholika. Ukiifungua spaida iliyonyamazishwa hivyo utakuta kwenye ncha za msalaba mistari iliyochimbwa na sindano, imepangika kama meno ya kitana. Ikifika hapo inasubiri tu siku na mahali pa kukatikia.

Imani ya tatu inahusu wingi wa grisi, na naomba isomwe kwa makini. Kwenye spaida, unapaswa kusukuma grisi mpaka itoke kidogo kwenye vikombe vyote vinne, ikisukuma nje maji na vumbi. Kikombe kimoja kisipotoa, njia yake imeziba, na hicho ndicho kitakachokufa kwanza. Kwenye kiungo cha kuteleza kanuni ni kinyume. Ukiendelea kupiga bomba la grisi mpaka uone propela yenyewe inarefuka, umekijaza kupita kiasi, na kwa kuwa grisi haishindiliki, siku ekseli itakapopanda ghafla propela itakataa kufupika na kugeuka nguzo inayosukuma beringi za transfa na difu. Pampu chache zinatosha. Land Cruiser yenye propela mbili huwa na nipo sita, yaani vile vichuchu vya kuingizia grisi: mbili za spaida na moja ya kiungo cha kuteleza kwa kila propela, na inayosahauliwa karibu kila mara ni ile ya kiungo cha kuteleza.

Grisi inayofaa kwa spaida ni ya lithiamu, ugumu namba 2. Gari la kazi ngumu, la vumbi na matope, lipigwe kila kilomita 5,000. La lami linaweza kwenda hadi 10,000 au kama kitabu chake kinavyosema. Gari lililovuka mto na propela ikazama lipigwe siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi, hata kama lilipigwa wiki iliyopita. Chuma kilichopata moto njiani na kuingia ghafla kwenye maji baridi hufyonza maji kupitia mipira yake, na maji hayo hayatoki yenyewe.

Kuna pia wanaoamini kwamba kuondoa propela ya mbele hupunguza matumizi ya mafuta. Kwenye gari ambalo magurudumu ya mbele hufunguliwa kwa mkono kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, propela ya mbele haizungushwi na magurudumu habu zikiwa wazi, kwa hiyo hakuna kinachookolewa isipokuwa uzito wa bomba lenyewe, na mwenye gari amejinyima uwezo wa 4x4 siku atakapouhitaji. Imani kwamba spaida isiyo na nipo ni bandia nayo si sahihi moja kwa moja. Zipo nzuri zilizofungwa kiwandani na zisizohitaji grisi, na msalaba usiotobolewa ndani unaweza kuwa na nguvu zaidi. Kwa gari linalovuka mito, hata hivyo, mimi ningechagua yenye nipo, kwa sababu inanipa njia ya kuyatoa maji.

Sasa tuseme spaida imekwisha na inabadilishwa. Kabla ya spana yoyote, weka alama kwa patasi au rangi kwenye flanji zote mbili, yaani vile visahani vya kufungia propela kwa bolti, na kwenye pande mbili za kiungo cha kuteleza, ili kila kitu kirudi kilipotoka. Usijiambie kwamba utaipanga kwa macho, kwa sababu baadhi ya magari yana propela ya mbele ambayo kiwanda kimeipanga tofauti na ya nyuma. Toa pete ndogo zinazozuia vikombe, kisha usukume vikombe nje kwa jiliwa na si kwa nyundo nzito, kwa sababu nyundo huzifungua panda kidogo na huwezi kuliona kosa hilo kwa macho. Unapoingiza vikombe vipya, hakikisha sindano zote zimesimama. Sindano moja ikianguka chini ya kikombe, kikombe kitagoma kuingia hatua ya mwisho, na hapo ndipo mtu mwenye haraka hupiga nyundo na kuharibu spaida mpya kabla haijatembea mita moja. Vitabu vya ukarabati vya Toyota hutaka mlegeo wa spaida kwenye panda usizidi milimita 0.05, na pete za unene tofauti hutengenezwa kwa ajili hiyo. Ikikamilika, spaida igeuke kwa ulaini lakini kwa ukinzani kidogo. Isining'inie na isikwame.

Bolti za flanji si bolti za kawaida. Injini ya dizeli ya 1HZ, iliyofungwa kwenye Land Cruiser nyingi za mfululizo wa 70, hutoa nguvu ya msokoto ya takriban nyutonimita 285. Gia ya kwanza huizidisha zaidi ya mara 4, na gia nzito ya transfa huizidisha tena karibu mara 2 au zaidi, kwa hiyo gari linalopanda ukingo wa korongo hupitisha kwenye propela zaidi ya nyutonimita 2,000. Bolti laini ya dukani hukatika chini ya mzigo huo. Tumia zilezile za kiwanda au zenye alama ya ugumu inayolingana nazo, na uzikague tena baada ya kilomita mia chache.

Propela nzima hubadilishwa bomba likiwa limepinda, limebonyea kwa jiwe au limejisokota, matundu ya panda yakiwa yamepanuka kiasi kwamba kikombe kinazunguka ndani yake, au meno ya kiungo cha kuteleza yakiwa yamelika. Ukinunua iliyotumika, pima urefu wake na nafasi za matundu ya flanji kabla ya kulipa. Vile vipande vidogo vya bati vilivyochomelewa kwenye bomba ni mizani yake, kama vile risasi zinazowekwa kwenye rimu. Fundi akiving'oa ili "kuisafisha", ameiharibu.

Jambo hili lina uzito wa pekee kaskazini mwa Tanzania, ambako Land Cruiser nyingi za watalii hukatwa chesisi na kurefushwa ili zibebe safu nyingine ya viti. Propela nayo lazima irefushwe. Njia ya haraka ni kukata bomba na kuchomelea kipande katikati. Lakini bomba refu na jembamba hufanya kama ufito mrefu unaoshikwa ncha mbili na kuzungushwa: likifika mwendo fulani tumbo lake hutoka nje, na bomba lilelile likirefushwa mara mbili, mwendo huo hushuka hadi robo. Ndiyo maana kazi iliyofanywa vizuri hutumia bomba nene zaidi, au hugawanya propela vipande viwili vyenye beringi ya katikati iliyoshikwa kwenye chesisi, kisha kila kipande hupelekwa kwenye mashine ya kupima mizani. Anayepanga kununua gari lililorefushwa aingie chini yake kwanza aone ni njia gani ilitumika. Waliopandisha gari juu kwa springi ndefu nao wakumbuke zile nyuzi 10 na 30: kila sentimita inayoongezwa huongeza pembe, na spaida hulipa.

Propela ikikatika porini, kinacholeta hatari kubwa ni ncha iliyolegea. Ya nyuma ikianguka upande wa transfa, au ya mbele upande wa difu, ncha yake inaweza kuchoma ardhi na kulinyanyua gari likiwa kwenye mwendo, kwa hiyo usijaribu kujikokota nayo ikiwa inaning'inia. Ifungue yote uiweke ndani. Kama iliyokatika ni ya nyuma, na gari ni la aina ya Land Cruiser ambayo 4x4 yake huunganishwa kwa kijiti, funga habu za mbele, ingiza 4x4, na gari litavutwa na magurudumu ya mbele polepole hadi kijiji cha karibu. Kwenye Land Rover Defender ya zamani, iliyotengenezwa hadi 2016 na ambayo husukuma magurudumu manne wakati wote, gari halitasogea mpaka ufunge loki ya difu ya katikati, ile iliyo ndani ya transfa, kwa sababu nguvu yote hukimbilia upande usio na mzigo. Na kwenye Defender hiyohiyo breki ya mkono haiko kwenye magurudumu bali nyuma ya transfa, ikishika propela ya nyuma. Ukiitoa propela hiyo, mpini wa breki utauvuta hadi mwisho na gari linaweza kuteremka vilevile. Weka mawe chini ya tairi kabla ya kufungua bolti ya kwanza.